Duka la kujitegemea na darasa lake la Jumamosi, Mji Mkongwe: nendeni, ila msimeze kila kitu

Jamani nishaulizwa sana habari hii, kila nikikaa barazani mtu ananambia "weye si ulikwenda kwa wale wa Afrika Afrika, vipi pale, kuna maana?", basi naandika mara moja kila mtu asome mwenyewe. Jina lao silitaji kwa sababu nina ya kuwasifu na nina ya kuwalalamikia na sitaki kesho nikipita Darajani nishikwe kanzu. Wa mjini mnawajua, wale vijana na mama zetu wenye duka chini na ukumbi juu, huko ndani ndani vichochoroni, nyumba kongwe yenye mlango wa misumari na ngazi za mbao zinazolia ukipanda. Chini wanauza vitu vilotengenezwa hapa hapa visiwani (wanavyosema wao, ntafika huko), juu kila Jumamosi asubuhi wana darasa, wenyewe wanaliita la ukombozi wa fikra. Darasa elfu kumi, chai na chakula cha mchana humo humo. Dukani kuingia bure, usiogope.

Nianze na duka mana huko ndiko pesa yangu ilikoishia.

Sabuni ya mwani ndo yenye jina pale. Elfu sita kipande, na kipande kina uzito wake, si zile sabuni za hoteli zinazoishia mkononi ukinawa mara mbili. Ipo ya karafuu, ya mchaichai na ya mdalasini. Mie nimetumia ya karafuu, haiyeyuki ovyo ukiiweka pahala pakavu, haikaushi ngozi, na harufu yake ya kistaarabu. Mke wangu ambae hana imani na kitu chochote ninacholeta mie nyumbani kaichukua na mpaka leo sijaiona tena. Lakini kwenye karatasi ya kufungia wameandika asilimia mia Zanzibar, na kila aliewahi kupika sabuni anajua mafuta hayagandi bila kostiki soda, na kostiki soda haichimbwi Unguja wala Pemba, inakuja na meli. Nikamuuliza dada anaeuza akacheka, "kaka, hiyo asilimia mia ni ya roho". Haya bwana.

Kofia za kiua hapo nawapa mkono. Sasa hivi kofia za mashine kutoka nje zimejaa kila duka, elfu chache tu unavaa unakwenda zako harusini, na anaeshona kwa mkono, kitundu kimoja kimoja kwa sindano, kazi ya wiki na wiki, huyo nani atamlipa? Hawa wanamlipa. Kofia nzuri kwao inafika laki na ishirini na haipungui hata ukilia, ila kila kofia ina kikaratasi kinaeleza imeshonwa kijiji gani, na nilivyoelezwa mshonaji anapewa nusu ya pesa kabla hajaanza ili asije akaiuza kwa bei ya kutupa katikati ya kazi kwa sababu mtoto anaumwa. Huo ndo ufundi wa biashara, si maneno. Mikeka nayo mizuri, ukili umesukwa ukakazwa, rangi haitoki ukiimwagia maji, nilijaribu na kidole kilichorowa wakaniangalia vibaya.

Sasa kanga. Ukuta mzima kanga, na juu yake kibao kikubwa TUNAUZA CHA KWETU TU. Nikaigeuza moja nikasoma maandishi ya pindoni: India. Ya pili India. Nikasema mbona hivi? Kijana akababaika kidogo kisha akanipa jibu ambalo mie nimelikubali, kwamba majina wanatunga wao, na ni kweli majina yana moto, na vitambaa vinapigwa chapa kule. Sikuona ajabu mana kanga tokea enzi za bibi zetu ilikuwa inapigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India, mpaka Japani, na hakuna mwanamke wa Unguja aliewahi kujiona Mholanzi kwa kujifunga kanga. Jina letu, mfungo wetu, ugomvi unaosemwa na kanga ni wa mtaa wetu. Mie nnalotaka ni kile kibao kishuke au kiandikwe vyengine, kwa sababu mteja anaesoma pindo yupo.

Darasani sasa. Unapanda juu unakuta viti vya plastiki, jamvi mbele kwa wanaotaka kukaa chini, na ukutani picha kubwa kubwa za wapigania ukombozi wa Waafrika: Nkrumah, Lumumba, Nyerere, Sankara, Biko, Garvey. Nikazunguka ukuta mzima natafuta Mzanzibari, hayupo. Ati darasa la Zanzibar! Abdulrahman Babu, yule mwanasiasa wetu, kazaliwa hapa hapa 1924, Desemba 1964 alipanda jukwaani Harlem pamoja na Malcolm X, na maisha yake yote alikuwa akipiga kelele kwamba uchumi uanze na mahitaji ya watu wenyewe kabla ya soko la mbali, yaani maneno yale yale wanayoyasema wao kila Jumamosi. Nafahamu kwamba Babu ana siasa zake na watu wana kumbukumbu zao, alikaa jela miaka tokea 1972 mpaka 1978, pengine wanaogopa mtu akasirike. Basi Siti binti Saad je? Mtoto wa Fumba, kazaliwa kwenye umasikini wa kuuza vyungu, 1928 kavuka bahari mpaka Bombay kurikodi taarabu kwa Kiswahili wakati taarabu ya kifalme ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Nani atakasirikia Siti? Niliwaambia, wakaandika kwenye daftari, tutaona.

Msemaji wa mwanzo ni kaka mmoja kutoka Bara, msomi, anaongea vizuri, hana haraka. Kaanza na Azimio la Arusha la 5 Februari 1967, Ujamaa na Kujitegemea, hapo watu wazima wakaanza kusinzia mana hayo tushayaimba skuli, lakini alipofika Burkina Faso kila mtu akakaa sawa. Kasema nchi inalima pamba, pamba inaondoka, nguo zinarudi kutoka nje kwa bei ya nje, rais wao Sankara akasema wafanyakazi wa serikali watavaa faso dan fani, nguo ya pamba ilofumwa na wanawake wa pale pale. Magari ya Mercedes ya wakubwa yakauzwa, mawaziri wakapanda Renault 5. Katawala miaka minne tu, tokea Agosti 1983, na 15 Oktoba 1987 wakamuua. Halafu akatwambia kila mtu amsomee mwenzake lebo ya shati. Basi ikawa zogo, watu wazima wanageuzana kola, China, Bangladeshi, Uturuki, mmoja mtumba wa Marekani una jina la skuli ya huko mgongoni. Mzee mmoja kajigamba kanzu yake imeshonwa na fundi wa hapa mtaani, akaulizwa kitambaa je, akanyamaza, kitambaa cha Japani. Nilicheka mpaka machozi. Kama una watoto wa skuli za sekondari wapeleke kwa huyu, hawatalala.

Alosimama wa pili ni mama mmoja wa upande wa Paje, mkulima wa mwani tokea ujana, na hapa ndipo elfu kumi yangu ilipolipa.

Huyu hakuja na projekta. Kaja na pakacha, kalimwaga mezani: mwani mbichi unanuka bahari, kamba, vigingi, na zile kamba ndogo ndogo wanazoziita taitai, akaanza kufunga huku anaongea, hata macho haangalii mikono. Anasema mwani huu wa biashara mbegu yake ya Ufilipino, 1989 ndo Paje na Jambiani walipoanza kulima hasa, na mwanzoni wanaume walikuwemo, walipoiona bei wakakumbuka wana safari nyengine, wakawaachia wake zao. Wanawake wote ukumbini wakapiga makofi, sie tukawa tunaangalia dari.

Kisha akaielezea kazi yenyewe. Unashuka bamvua maji yakitoka, unainama juani na maji ya magoti, unafunga, unavuna, unabeba kichwani, unaanika, mvua ikipiga imekula kwako, ukikauka lile furushi kubwa limebaki kiduchu, halafu anakuja mnunuzi na bei kaja nayo tayari mfukoni. Mwani wa aina ya spinosamu kilo moja kavu ilikuwa mia kadhaa tu. Aina nyengine, kotonii, inalipa zaidi lakini haipendi maji ya moto, na maji ya pwani yamezidi joto, inaumwa inakufa, wataalamu wakaja wakasema pelekeni kina kirefu kwenye ubaridi mfunge kwenye kamba za kuelea, sawa, ushauri mzuri, akatuuliza "jee wanangu, wanawake wangapi wa shamba mnawajua wanaogelea?" Hakuna alojibu.

Na huo mwani unakwenda wapi? Unapandishwa meli mkavu vile vile ulivyo, huko unakokwenda unatolewa karaginani, ndo ile inayofanya dawa ya meno isimiminike na aiskrimu isijitenge. Akatia mkono mkobani akatoa dawa ya meno, "hii mnanunua bei gani?", watu wakataja, akawa anahesabu kwa sauti kilo ngapi za mwani wake ndo apate dawa moja ya meno. Kila mtu alikuwa anahesabu nae. Mie nimesikia mihadhara mingi ya uchumi wa kikoloni, mali ghafi inatoka bidhaa inarudi, lakini hesabu ile ilofanywa na mwenye mikono ilokatwa na chumvi sijapata kuisikia.

Na hakuishia hapo, mana wengine wote wangeishia hapo. Akasema tukaambiwa basi tengenezeni sabuni wenyewe, tukatengeneza, unga wa mwani tukatengeneza, keki, juisi, na ni vizuri, bei tunapanga sisi. Lakini anaenunua sabuni ya elfu sita nani? Mtalii. Ilipokuja korona 2020 watalii wakaondoka, sabuni zikakaa rafuni mpaka zikapauka, na mwani mkavu ule wa mia kadhaa ndo uliotuingizia pesa ya chumvi. "Sasa huko kujitegemea kunakomtegemea mtalii ndo kukoje?" Waandaaji wenyewe walikuwa wameduwaa, nafikiri hawakutarajia. Anachotaka yeye ni sabuni ya bei ya mtu wa kawaida wa mtaani, wa Kwahani, ndogo, haina karatasi ya maua, mtu anunue kila wiki. Kasema kashawaambia duka la chini wakamwambia haitakaa vizuri kwenye rafu. Basi hapo mie nipo na mama, na wenye duka kama mnasoma, ile sabuni ndogo mbona hamuitoi? Halafu tukagaiwa kamba tufunge wenyewe. Vidole vyangu ni vya kalamu, sisemi zaidi.

Baadae sasa akaja kijana, nywele za msokoto, shanga shingoni, sauti nzito, mada yake "kurejea asili". Kusema kweli hapa ndipo nilipotaka kuondoka. Kaanza na majina, mbona mnaitwa Salum, mbona mnaitwa John, vueni majina ya watu. Kanzu ya Waarabu. Dini za kuletewa. Yaani unamwambia hivyo mtu wa Unguja Jumamosi asubuhi na adhana ya adhuhuri inakaribia? Ukumbi ukapoa, mapangaboi tu yanasikika. Mzee mmoja, maalim mstaafu wa skuli, akaomba kusema, kwa adabu kabisa, "mwanangu, Kizimkazi Dimbani umeshafika? Kuna msikiti pale, kwenye kibla maandishi ya mwaka 500 Hijria, ndo 1107 kwa hesabu ya Wazungu. Sasa mie ukinirejesha asili yangu unanishusha kituo gani?" Watu wakaguna kwa kuridhika.

Lakini nimpe haki yake yule kijana, hakukimbia. Akasema maalim nimekusikia, ila na nyie mniambie, kwa nini kila tukisema ukoloni hapa tunaanza 1890 Muingereza alipouchukua Unguja, mbona hatusemi mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalilimwa na nani kwa faida ya nani? Swali zito hilo. Si swali la kupigiwa makofi wala la kuzomewa, lina majina ya watu na nyumba za watu ndani yake, na Mapinduzi ya 1964 yapo nyuma yake, na kila familia ukumbini mle ilikuwa na upande wake wa kulijibu. Nikajisogeza kiti. Na hapo hapo mwendesha darasa, sijui alishikwa na hofu gani, akatangaza chakula tayari! Wallahi nilikasirika. Mnawaita watu waje wakombolewe fikra kisha fikra ikitaka kutoka mnaifungia kwa sahani ya wali.

Na sahani yenyewe ilikuja na hotuba. Ati leo tunakula chakula cha mababu, hakuna cha kigeni. Wali wa nazi, muhogo, kunde, samaki wa kupaka, kachumbari ya tungule na pilipili. Kitamu? Kitamu sana, samaki kapakwa akaiva, muhogo laini, mama alopika apewe tuzo. Lakini yakhe, muhogo umetoka bara la Amerika na meli za Wareno, tungule na pilipili na mahindi vivyo hivyo, mchele na nazi vimetoka Asia, kwenye sahani nzima mwenyeji ni kunde na samaki! Waliochimba mambo ya kale Pemba, pale Tumbe na Chwaka (Chwaka ya Pemba, si ya Unguja), wamekuta kwamba karne za mwanzo watu walikula uwele zaidi, mchele umekuja kushika baadae. Kwa hiyo kama ni mababu kweli tungeletewa uji wa uwele tuone nani angerudi Jumamosi ya pili. Hata karafuu yenyewe, mbegu imetoka visiwa vya Indonesia, imefika hapa mwanzo mwanzo wa karne ya 19, kimbunga cha 1872 kikaifyeka Unguja, Pemba ikabaki nayo, leo nenda Wete kamwambie mtu karafuu si yake uone utavyofukuzwa.

Ndo maana nasema hawa jamaa wakizungumza mikono na mfuko, yaani nani kalima, nani kashona, pesa imeishia wapi, hakuna wa kuwashinda mjini hapa. Wakianza kupima nani Mwafrika safi na kitu gani cha asili safi wanapotea, na wanapotea mbele ya watu ambao babu zao kazi yao ilikuwa kuchukua kila kinachofika na jahazi na kukifanya cha nyumbani.

Baada ya sala (wanasimamisha kwa wakati, kuna udhu uani, hilo wako vizuri) kipindi cha lugha alishika yule yule maalim mstaafu. Kipole pole akatueleza kwamba Kiswahili sanifu hiki tunachosahihishiana kwacho kiliamuliwa kwenye mkutano wa Mombasa 1928, wakati wa Muingereza, wakachagua Kiunguja cha mjini, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sawa, Kiunguja kikapata cheo. Lakini Kikae cha Makunduchi, Kitumbatu, Kipemba cha shamba vikawa vitu vya kuchekwa, na wanaovicheka ni sisi wenyewe, sio Muingereza. Bibi mmoja wa Makunduchi akasimama akazungumza Kikae chake habari za Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, wanaume wanavyopigana kwa migomba na kibanda kinavyochomwa moto, sikufahamu nusu yake na mie nimezaliwa kisiwa hiki hiki. Maalim akagusia na sera ya elimu ya 2006 ilopeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la 5, jinsi watoto walivyokuwa wakibishana nae kuhusu sehemu na desimali kwa Kiswahili, mwaka unaofuata wanaitikia tu yes sir. Mzazi mmoja akambishia, mtoto wangu bila Kiingereza hoteli gani itamuajiri? Wakabishana kweli kweli na hakuna alowakatiza, mana chakula kilikuwa kimeshakwisha.

Na kitu nilichokipenda kuliko vyote, siku nzima ni Kiswahili. Wageni wapo, wanakaa nyuma, kuna binti anawanong'oneza tafsiri. Mji huu nimezoea kuona sisi ndo tunakaa mkutanoni tunasubiri mtu atutafsirie jambo linalotuhusu, pale mgeni ndo anasubiri, na anasubiri kwa adabu.

Bei ya wageni ni elfu hamsini. Waafrika wote elfu kumi, Mkenya, Mkongo, Mkomoro, haulizwi kitambulisho. Siku moja kulikuwa na dada Mmarekani mweusi pale mlangoni, mjadala ukazuka alipe ya nani, mpaka majirani wakatoka. Waliposema babu zake waliondoka kwa kulazimishwa sasa tumtoze na kurudi, ikapita elfu kumi. Huyu dada anajua Kwanzaa, ile sikukuu yao ya tokea 1966 yenye misingi saba iliopewa majina ya Kiswahili, akaitaja yote, umoja, kujichagulia, ujima, watu wakamshangilia utafikiri ameshinda Mapinduzi Cup. Vizuri. Ila baadae kwenye matembezi, mana kuna matembezi mafupi ya mwisho mpaka Mkunazini, kijana anaetembeza akamwambia "hapa ndipo babu zako walipopandishwa meli za Marekani", dada analia, na mie nimesimama pale naona huu si uungwana. Soko la Mkunazini lililofungwa 1873 liliwauza watu walotolewa bara, wengi wakaishia kwenye mikarafuu yetu hii hii, wengine Oman na Ghuba, wengine visiwa vya Wafaransa. Babu zake wengi wao walipitia Afrika Magharibi na Kongo na Angola. Na utumwa wenyewe hapa haukufutwa mpaka 1897. Mtu kaja kutafuta ukweli wa kwao, mpe ukweli, machozi yatakuja yenyewe. Nilimwambia kijana pembeni, akasema wageni wanapenda hivyo. Basi hiyo nayo ni kasumba mwanangu.

Mengine ya haraka. Wanasema saa tatu, wanaanza saa nne na robo. Umeme ukikatika juu kunakuwa tanuri, chukua kipepeo. Choo safi. Viatu vinavuliwa. Ngazi ni kali kwa wazee, kuna mama wa watu alibaki chini dukani akasikiliza kwa dirishani, wangeweza kushusha hata kipindi kimoja uani. Watoto wanapokewa vizuri na wana bao la kucheza.

Ungekuwa mtihani ningewapa saba kwa kumi, na zile tatu watazipata siku watakapoliachia lile swali la yule kijana lizungumzwe mpaka mwisho. Mama wa mwani si kila Jumamosi yupo, anafuata maji, wiki ya bamvua hapatikani kwa hiyo pigeni simu dukani kwanza muulize. Pesa za simu wanapokea, chenji hawana.